Jina Halipiti Mlango

Jumatano, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na daftari hili nimelianza kwa sababu nimeshikwa pabaya. Kila wiki nawahimiza watu wa kikundi changu waandike walau mstari mmoja kwa siku: nimetamani nini, nimefanya nini badala yake. Leo Honi akaniuliza, "Na wewe, Sista, unaandika?" Nikajifanya natafuta kalamu. Wakacheka wote. Basi naandika.

Kikundi ni cha watu wanaoacha pombe. Tunakutana Jumatano jioni kwenye chumba cha mwisho cha kituo chetu cha afya, kile kinachovuja, jirani na stoo ya dawa. Wako saba. Mimi ni mshauri wao; zamani nilikuwa muuguzi wa wodi, ndiyo maana wananiita Sista mpaka leo. Sheria yetu kubwa ni moja: jina halipiti mlango. Ukiingia unalivua kama viatu, unavaa la utani. Hakuna wa kukuuliza unafanya kazi wapi wala umeoa kwa nani. Ukitaka kusema, utasema mwenyewe.

Honi alishasema. Anaendesha basi la shule. Huu ni mwezi wake wa nane hajagusa kitu. Zamani chupa yake ilikaa chini ya kiti cha dereva, imeviringishwa kitambaa cha kufutia kioo, na hakuna mzazi aliyewahi kunusa. "Siku ya kufunga shule walinipigia makofi," alituambia, "na mimi nimeegemea basi kwa sababu nikiliachia naanguka."

Mizani naye ana duka. Jina alijipa mwenyewe. "Kutwa napimia watu unga," alisema, "nafsi yangu sijaipima hata siku moja."

Alhamisi, 5 Machi

Nguo zimeanikwa sebuleni. Nyumba inanuka mbwa aliyelowa, na mbwa sina.

Jumatatu, 9 Machi

Mkutano wa wafanyakazi. Mkuu wa kituo ni kijana wa umri wa kuwa mwanangu, ana adabu, na shikamoo yake haipungui. Ametangaza kwamba kituo kinahamia kwenye huduma za ile kampuni kubwa ya mtandao: barua pepe, kalenda, picha, ramani, ujumbe, vyote kwa akaunti moja, vyote bure. Watu wakapiga makofi. Hata mimi. Kampuni yenyewe siitaji hapa, isije ikadhani nainadi. Nitaiita Jitu.

Na Jitu si mgeni kwangu. Miaka yote hii ndilo linaloniletea picha za mjukuu wangu, maana binti yangu anaishi mbali. Sikuwa na ugomvi nalo.

"Mama," Mkuu akaniambia baada ya mkutano, "ingiza namba za kikundi chako. Kila Jumanne watakumbushwa wenyewe. Utapumzika kupiga simu."

Nimeziingiza zote saba, kundi nikaliita "Jumatano". Majina halisi sikuweka, niliandika ya utani tu. Nikajiona mjanja. Likatokea tangazo refu kama wosia wa tajiri, chini yake neno moja: Kubali. Nikabonyeza.

Jumatano, 11 Machi

Wote wamefika kwa wakati. Hata yule tunayemwita Kesho, ambaye jina lake linajieleza. Nimelibariki Jitu kwa sauti, Mungu anisamehe.

Mjukuu ameota jino. Picha imefika saa ileile.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua. Barabara ya mbele imekuwa mto. Sikutoka.

Jumatano, 18 Machi

Mizani hakuja. Beseni la kukingia maji tumelisogeza mara mbili, maana paa limepata tundu jipya. Nilipotaka kuanza, Honi akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Sista, mimi nina swali. Simu yangu imeanza kuniletea picha ya Mizani."

"Kakutumia?"

"Hapana. Imeniletea tu. Imeandika: Huenda unamfahamu. Na jina lake lote, na duka lake liko mtaa gani."

Kisha Kesho akatoa simu yake mfukoni, polepole, kama mtu anayetoa kitu kinachouma. Akaitazama. Akamtazama Honi. Kisha akalitamka jina. Jina halisi la Honi, la kwake na la baba yake, ndani ya chumba kile.

Honi alishtuka kama aliyemwagiwa maji.

Wakatoa simu wote. Nilisimama pale naona nyuso zao zikibadilika moja moja. Huyu ni karani wa benki. Yule mke wa mchungaji. Miezi yote hii wamekaa duara moja wakiambiana mambo ambayo hawajawahi kuwaambia wake wala waume zao, kwa sababu tu mlangoni walivua majina. Leo majina yamewafuata ndani na kuketi nao.

"Nani katusema?" aliuliza mke wa mchungaji. Alinitazama mimi.

Nilisema sijui, na kweli sikujua. Lakini nililikumbuka lile neno: Kubali.

Alhamisi, 19 Machi

Mume wa Mizani amekuja kituoni.

Ni bonge la mtu, amelowa chapachapa, viatu vimejaa tope. Hakusalimia. Aliniwekea simu ya mkewe mezani. "Wewe ndiye wa Jumatano?"

"Mimi ni mshauri hapa. Karibu ukae."

"Sikai. Simu ya mke wangu imejaa wanaume. Huyu. Na huyu. Na huyu mwenye masharubu. Kila akiifungua inamwambia anawafahamu. Jumatano anaaga anakwenda kanisani kwenye kwaya. Nimekwenda kwa mwalimu wa kwaya, anasema hajamwona mwaka mzima. Sasa niambie, Jumatano kuna nini?"

Ningemwambia nini? Kazi yangu yote imesimama juu ya mdomo uliofungwa. Nikisema, nimemvunjia mkewe siri. Nisiposema, nimemwachia ndoa ivunjike kwa uongo. Nilimwambia, "Baba, mke wako hajakukosea heshima. Zaidi ya hapo muulize yeye."

"Kumbe unamjua!"

"Nakuomba usimwinulie mkono."

"Mimi sijawahi kumpiga mwanamke!" Alipaza sauti mpaka watu kwenye benchi la nje wakageuka. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo haikufanana na mwili wake: "Nina watoto watatu. Niambie tu kama anaondoka."

Nilimsogezea kiti. Alichukua simu akaondoka, na nyayo zake za tope zikabaki sakafuni mpaka mhudumu akaja na ndoo.

Jioni Mizani amenipigia. Amemweleza yote: mvinyo kwenye chupa ya siki, miaka minne, kikundi, kila kitu. "Ilibidi, Sista," alisema. "Nichague kuwa malaya au mlevi. Nimechagua kuwa mlevi."

Mwanamke ameacha pombe kwa jasho lake, amelazimishwa kujiita mlevi jikoni kwake ili asiitwe jina lingine. Nimeandika mstari huu mara tatu na kuufuta mara mbili.

Ijumaa, 20 Machi

Nimemweleza Mkuu. Amesikiliza vizuri, kisha akasema, "Mama, hayo ni mambo madogo ya mwanzo. Na kwa kweli, sisi ni kituo cha umma. Hatuna cha kuficha."

"Basi ng'oa mapazia wodini."

"Mapazia?"

"Wagonjwa wana nini cha kuficha?"

Akacheka kidogo, akidhani ni utani. Sikucheka.

Nimewaandikia watu wa Jitu. Nimeandika ukurasa mzima kwa heshima zote. Jibu limekuja kabla sijanyanyuka kitini: "Asante kwa maoni yako! Yanatusaidia kuboresha huduma." Chini yake vidole gumba viwili, kimoja juu, kimoja chini: "Je, jibu hili limekusaidia?"

Jumamosi, 21 Machi

Shemeji amepita kuniona. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, anauza simu, na Jitu analipenda kuliko timu yake ya mpira. Nimemwambia: mimi majina sikuweka, niliweka ya utani. Wamejuaje?

"Shemeji," alisema, akikoroga chai, "jina si kitu. Namba ndiyo mtu. Kila mmoja wao ana akaunti yake kule, kwa jina lake kamili na namba ileile. Sasa wewe umezichukua namba saba zisizojuana ukazifunga fungu moja. Ukifunga funguo za nyumba saba kwenye pete moja, mtu hahitaji kuambiwa kwamba nyumba hizo zina jambo lao."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Si wewe. Wala si mtu. Ni hesabu tu."

"Na ruhusa alitoa nani?"

"Wewe. Umebonyeza Kubali."

"Mimi nimebonyeza yangu. Ya Honi amebonyeza nani?"

Shemeji aliendelea kukoroga chai iliyokwisha kukorogeka.

Jumapili, 22 Machi

Nimelifuta kundi. Jitu likaniambia: "Limefutwa." Nikamwomba Mizani atazame simu yake. Picha zote bado zipo. Kumbe kwao kufuta ni kunifichia mimi nisione. Walichokijua wamekijua.

Jumatano, 25 Machi

Wamekuja watatu. Mke wa mchungaji hakuja, na sidhani kama atakuja tena. Honi alikuwepo. Alikaa na kofia usoni.

Jumatatu, 30 Machi

Honi amefukuzwa kazi.

Amekuja asubuhi mvua ikinyesha, na sare yake ya shule bado mwilini. Alisimama mlangoni kwangu kama mtu aliyekuja kuomba maji.

"Wameniambia nirudishe ufunguo," alisema.

Nilimvuta ndani. Yalikuja vipandevipande. Mume wa Mizani, baada ya kuambiwa ukweli, alirudi kuzitazama zile picha kwa jicho lingine. Hawakuwa tena wanaume wa mkewe, walikuwa walevi. Na sura moja aliijua. Huyu si dereva anayebeba wanangu kila asubuhi? Akaenda shuleni. Kufikia Ijumaa wazazi wote walikuwa wanaandikiana.

"Nilipokuwa nakunywa, Sista," Honi alisema, "nilipewa cheti cha dereva bora. Kipo ukutani nyumbani. Mwaka ule nilikuwa nikiona barabara mbili, nachagua moja."

Kisha akasema, "Twende wote. Ukaseme unayoyajua. Nakuruhusu."

Jumanne, 31 Machi

Shuleni. Mwalimu mkuu ni mama mwenye miwani ya mnyororo, ofisi safi, kiti cha wageni kifupi kuliko chake. Alitusikiliza huku akigeuzageuza kalamu.

Nilimwambia: mtu huyu ana mwezi wa nane hanywi. Namwona kila wiki kwa macho yangu. Katika madereva wenu wote, ni huyu peke yake ambaye kuna mtu anayeweza kuwaapia kwamba hanywi.

"Nakuelewa sana," alisema. "Lakini wazazi wameshajua."

"Wamejua nini? Kwamba ameacha?"

"Kwamba alikuwa."

"Alipokuwa, mlimpigia makofi."

Honi alinigusa mkono ninyamaze. Aliinuka, akasema asante mwalimu, akatoka. Nilimkuta uani amesimama kwenye mvua anatazama basi. Kioo cha mbele kilikuwa kichafu. Alitoa leso yake akakifuta, upande wa dereva tu, kisha akaondoka bila kuniaga.

Ijumaa, 3 Aprili

Nimeanza kuhama. Siwezi kuwaambia watu waniamini huku nimelala kitanda kimoja na aliyewasema.

Barua pepe nimefungua kwingine, kwa kampuni ndogo inayolipwa ada na haisomi barua za mtu. Nimeambiwa na fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, ambaye alinishangaa. "Mama, umri wako na mambo haya?" Nikamwambia umri wangu ndio unaojua maana ya bahasha iliyofunguliwa njiani.

Jumatano, 8 Aprili

Honi hakuja. Nimepiga, simu imezimwa. Paa linavuja sehemu tatu sasa.

Jumamosi, 11 Aprili

Ramani ya Jitu nimeiondoa, na leo nimepotea nikienda msibani. Nimeuliza njia kwa watu wanne, wote wamenipoteza kwa upendo. Nimefika wanakula. Ajabu ni kwamba nilipoingiza viatu vyenye tope mlangoni nilikuwa nacheka, mara ya kwanza tangu Machi.

Jumapili, 12 Aprili

Sikucheka leo. Nimemwambia binti yangu kwamba natoka kwenye albamu ya familia iliyoko kwa Jitu, anitumie picha kwa njia nyingine.

"Njia ipi, Mama? Kila mtu yuko huku. Shangazi zake wapo, bibi yake wa upande wa pili yupo. Wewe peke yako ndiye utakuwa humwoni mtoto akikua?"

"Nitamwona. Sitaki kumwona kupitia dirisha la mtu mwingine."

"Kwa sababu ya walevi wako."

Nilikata simu. Sijawahi kumkatia simu mwanangu. Alipiga tena, sikupokea. Ndipo nikalia, na nilichokilia sikijui vizuri: yeye, Honi, au lile jino, ambalo sasa lazima limepata mwenzake.

Jumatano, 15 Aprili

Honi hakuja. Mkuu amenipa onyo kwa mdomo, kwa sababu nimekataa kutumia kalenda ya kituo. "Mama, tunakwenda mbele, wewe unaturudisha nyuma." Nimewapigia watu wangu mmoja mmoja kwa kinywa changu, kama zamani. Wamekuja wanne. Simu tumeziacha kwenye stoo ya dawa, pamoja na yangu.

Jumatano, 22 Aprili

Honi bado. Mvua ya leo ilikuwa ya kutisha, ilibomoa ukuta wa uani. Mizani amekuja amevimba macho. "Mume wangu ndiye aliyemfukuzisha. Akifa kwenye mtaro, damu yake iko mlangoni kwetu."

Nilirudi nyumbani, nikamkuta Shemeji ananisubiri kibarazani. Nikamweleza. Alitoa simu.

"Namba yake unayo? Jitu linajua alipo. Kuna njia. Dakika moja tu nakuonyesha kama yuko baa au yuko kwao."

Naandika ukweli: nilinyoosha mkono. Niliiona ile nukta ya buluu ya kwenye ramani kabla haijatokea. Nilimwona Honi amelala mahali, na mimi nafika kabla ya maji. Nani angenilaumu? Nia yangu njema.

Na hapo ndipo nilipoelewa jinsi wanavyotupata. Si kwa ubaya wetu. Wanatupata kwa huruma zetu, kwa haraka zetu, kwa mjukuu aliyeota jino.

"Weka simu yako, Shemeji."

"Na akifa?"

"Weka."

Aliiweka. Hakukasirika. Alikaa nami mpaka mvua ikapungua, kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea kwake: "Unajua, mke wangu huwa ananitafuta kwa hii. Mimi husema sijali."

Nilimpa mwavuli wa marehemu kaka yake.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimepiga. Imezimwa.

Ijumaa, 24 Aprili

Imezimwa.

Jumatatu, 27 Aprili

Mkutano wa wafanyakazi. Mkuu alipouliza kama kuna mengineyo, nilisimama.

"Naomba kila mtu afungue simu yake, pale palipoandikwa Huenda unawafahamu. Msinionyeshe. Tazameni tu, kisha mniambie kama kuna sura mliyoiona hapa kituoni, upande wa benchi."

Walitazama kwa kunivumilia. Wa kwanza kuinua kichwa alikuwa mtu wa maabara. "Huyu nilimpima juzi," alisema, na papo hapo akajiziba mdomo. Mfamasia aliigeuza simu yake kifudifudi juu ya paja. Muuguzi wa kifua kikuu alisema polepole, "Ninao watano." Kila mmoja alikuwa anafikiri vile nilivyofikiri mimi Machi: ikiwa mimi namwona yeye, yeye anamwona nani?

Mkuu alikuwa ametazama simu yake muda mrefu kuliko wote. Sijui aliona nini. Alifunga mkutano bila sala.

Jumanne, 28 Aprili

Ameniita. Hakukaa kwenye kiti chake, alikaa upande wangu. Namba za wagonjwa zinatolewa zote, kalenda inarudi ubaoni. Barua pepe za wafanyakazi zitabaki kwa Jitu. "Hapo siwezi, Mama, amri imetoka juu."

Nusu shari kuliko shari kamili. Lakini nilimuuliza: na waliokwisha kujulikana tunawaambia nini?

Alisema, "Sijui." Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa shikamoo zake zote.

Jumatano, 6 Mei

Watano. Honi hakuja.

Jumamosi, 9 Mei

Binti yangu ameshuka mlangoni na mtoto mgongoni, bila taarifa. Meno manne! Ameniuma kidole.

Tulipokwisha kula alianza kuzungumza huku akikunja nepi, hanitazami. Mtoto aliugua sikio mwezi uliopita. Yeye aliuliza kwa Jitu, mara moja tu, maana ya usaha sikioni. Tangu siku hiyo kila alipofungua simu alikuta matangazo ya mashine za watoto viziwi. "Nikasema, wanajua kitu ambacho daktari ananificha. Nililia siku mbili, Mama. Kwa tangazo! Sikio lenyewe limeshapona."

Sikusema "nilikwambia". Nilimchukua mtoto nikampigia makofi upande wa kushoto, akageuka. Kulia, akageuka. Tukacheka mpaka akaogopa.

Jumatano, 13 Mei

Mvua imechoka. Manyunyu tu. Mume wa Mizani amekuja tena, safari hii amesalimia na amekaa.

"Namtafuta yule dereva," alisema.

"Sijui alipo. Na ningejua nisingekwambia."

"Haki yako." Alikunja kofia yake mikononi. "Mimi nilikuwa naogopea wanangu."

Nilitaka kumrushia maneno niliyoyapanga wiki sita. Badala yake nikasema, "Ningekuwa na watoto ndani ya lile basi, ningeogopa pia."

Alinitazama kwa mshangao. "Unajua, zile picha zilipokuja sikujua zinatoka wapi. Mke wangu alikuwa anaondoka kila Jumatano, nami nilikuwa nimeomba sana. Nilidhani ni Mungu ananifunulia."

Nimeandika maneno yake kama yalivyo. Kampuni moja huko mbali imepiga hesabu zake, na mtu mzima amepiga magoti na kushukuru.

Jumamosi, 16 Mei

Leo nimefunga akaunti yangu kwa Jitu. Mlango wa kutokea wameuficha kuliko choo cha wageni, nimeutafuta asubuhi nzima. Nilipoupata likaniuliza: "Tunasikitika unaondoka! Chagua sababu." Zilikuwa tano. Napokea ujumbe mwingi mno. Sioni watu wa kufuatilia. Nina akaunti nyingine. Napumzika kidogo. Sijui kutumia.

Nilizisoma mara mbili. Hakuna palipoandikwa: mmemfukuzisha mtu kazi. Hakuna palipoandikwa: mmeingia chumbani kwangu bila hodi. Na bila kuchagua moja, mlango haufunguki. Yaani hata kuondoka kwangu wanataka niondoke na sababu yao.

Nikachagua "Sijui kutumia". Waache wadhani hivyo.

Jumatano, 20 Mei

Jua. Mafundi wako juu ya paa. Honi hakuja, na leo sikupiga simu. Nilimwachia kiti.

Jumatano, 27 Mei

Tulikuwa tumeshaanza. Mlango ukagongwa, akaingia. Amekonda, ndevu hazijanyolewa, mikono ina vumbi jekundu la matofali. Alikaa. Hakuna aliyethubutu kusogeza hata kiti.

"Nimekunywa," alisema. "Nisiwadanganye. Baada ya shuleni nilikunywa wiki mbili sijui usiku wala mchana. Kisha nikaenda kwa kaka yangu, kwenye tanuri la matofali, akaniweka kazini. Sasa nina wiki sita sijagusa. Ile miezi minane imekwenda. Nimeanza moja."

Mizani alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili.

Honi akasimama. "Kuna jambo jingine. Jina langu limezunguka mji mzima, kila mtu amelishika, ila mimi sijawahi kulitaja humu. Sasa nalitaja mwenyewe." Akalitaja. Lake, la baba yake, la babu yake, taratibu, kama mtu anayepanga matofali. Sitaliandika hapa. Alilitoa kwetu sisi.

Kisha Mizani akafuta uso. "Mume wangu anakutafuta. Gari letu la kusambaza unga halina dereva. Anasema… anasema anataka kukuomba."

Nilimwona Honi akiinua hasira ile kubwa, akaishika, akaitazama. Mimi pia ninayo yangu na sijaiweka chini. Kazi hajarudishiwa. Miezi minane hakuna atakayemlipa. Na kule kwenye matumbo ya Jitu watu wangu saba bado wamefungwa pete moja, na hapana wa kumfungulia mashtaka, maana hakuna mtu, ni hesabu tu.

"Amekutuma?" Honi aliuliza.

"Amenituma."

"Mwambie sipokei mjumbe. Mimi nilisemwa nyuma ya mgongo. Kama ana neno, aje aniambie usoni."

"Yule?" Mizani akasema. "Kwa aibu aliyonayo, atakuja mvua zijazo."

Kesho ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote, hata Honi, kwa upande mmoja wa mdomo.

"Aje," alisema, akikaa. "Nipo pale kwenye tanuri. Aulize watu, watamwonyesha."